Mpelekeni skauti Huntsville, na alale huko

Aprili 2024, timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ziliteua vijana 257 kutoka vyuoni kwa muda wa siku tatu. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika vyuo vya kihistoria vya Weusi, vile vilivyoanzishwa enzi ambazo Mmarekani Mweusi alifungiwa milango ya vyuo vingine. Mwaka 2021 ilikuwa vivyo hivyo, ingawa mwaka ule udhuru ulikuwepo: corona ilisababisha vyuo hivyo kuahirisha msimu wao, na kambi ya Indianapolis, ambako vijana hupimwa kabla ya uteuzi, haikufanyika kama kawaida. Mwaka 2024 hapakuwa na corona.

Mashabiki wenzangu hapa Pittsburgh wananijibu kwamba kipaji hakifichiki siku hizi. Kijana akiwa mzuri, wanasema, saa itamtangaza. Mimi saa hiyo naijua. Nimefundisha riadha katika shule za sekondari Tanzania, na kwenye mashindano ya UMISSETA nimesimama kwenye mstari wa kumalizia nikiwa nimeishika. Wapima muda watatu wakimpima mkimbiaji mmoja, mara nyingi hutoka na namba tatu. Ndiyo maana kanuni inasema ukipata namba tatu zinazotofautiana unachukua ya katikati, na mkiwa wapimaji wawili mnachukua ile ya polepole zaidi. Kidole huchelewa kubonyeza mwanzoni kwa sababu kinasubiri ishara, na mwishoni huwahi kwa sababu jicho linamwona mtu anakuja. Kwenye mita 100, muda uliopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 ndipo ulinganishwe na ule wa mtambo.

Sasa tazameni NFL inavyofanya. Kipimo chao kikuu cha kasi ni yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi. Indianapolis, wanapoalikwa vijana zaidi ya 300, saa ya mwanzo huwashwa na mtu na mwisho husomwa na mtambo. Mpokeaji pasi akikimbia sekunde 4.45 anasifiwa, akikimbia 4.62 wanaanza kumtilia shaka. Tofauti yao ni 0.17, ndogo kuliko ile 0.24 ya mkono. Na hapo ni ndani ya uwanja wenye paa, pasipo mvua wala upepo. Kijana wa chuo kidogo ambaye hakualikwa hupimwa chuoni kwake mwezi Machi, kwenye kiwanja kilichopo, na skauti, mtafuta vipaji wa timu, ambaye jioni hiyohiyo anatakiwa awe mji mwingine.

Cooper Kupp alikimbia 4.62. Alitoka Eastern Washington, si chuo cha Weusi lakini ni kidogo vya kutosha kwa wengi kukipuuza, na Los Angeles Rams walimchukua 2017 akiwa wa 69. Kufikia hapo alikuwa amedaka pasi 428 na kukusanya yadi 6,464 katika miaka yake ya chuo. Kwa anayesema alizipata dhidi ya wanyonge, ipo mechi ya 2015 dhidi ya Oregon, chuo kikubwa hasa, ambapo alidaka 15 kwa yadi 246. Februari 2022 alitajwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL. Skauti aliyetaka kumjua Kupp alikuwa na miaka minne ya mechi za kutazama, na ile mbio yake ya Indianapolis haikuweza kumwonyesha hata robo ya kilichomo ndani ya mechi zile.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengine alikuwa wa mji huu ninaoishi. Bill Nunn alikuwa mhariri wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la Weusi lililosomwa nchi nzima. Kila mwaka alitangaza kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Weusi, na kwa kazi hiyo makocha wa vyuo hivyo walikuwa wenyeji wake: alikula mezani kwao na alijua kijana yupi analima likizo na yupi anafiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuwafanyia kazi Pittsburgh Steelers, timu iliyokuwa ikifungwa na kila mtu.

Simulizi yake ya Huntsville, Alabama, bado inasimuliwa hapa, na kinyozi wangu wa Hill District huisimulia kana kwamba alikuwepo. Maskauti wa timu kadhaa walikwenda Alabama A&M kumpima mpokeaji pasi aitwaye John Stallworth. Kiwanja kilikuwa kimelowa, kijana akakimbia polepole, wageni wakaandika namba zao wakaondoka. Nunn akasingizia kuumwa, akabaki. Kesho yake alimpima Stallworth upya mahali pakavu, na saa ikatoa habari nyingine kabisa. Kisha akaazima mikanda ya mechi za kijana, ikawa haionekani tena hadi uteuzi ulipopita.

Mwaka 1974 Steelers walimchukua Lynn Swann katika raundi ya kwanza, Jack Lambert wa Kent State katika ya pili, Stallworth katika ya nne na Mike Webster katika ya tano. Wote wanne wamo katika Jumba la Mashuhuri la Canton, Ohio. Mwaka huohuo walimsajili Donnie Shell wa South Carolina State, ambaye timu zote zilimpita katika kila raundi. Naye yumo Canton. Januari 1980, Steelers wakiwa nyuma katika robo ya mwisho ya Super Bowl, Stallworth alidaka mpira mrefu akawaacha mabeki wa Rams na kufunga bao la yadi 73. Huyo ndiye waliyemwandika kuwa hana kasi. Nunn mwenyewe aliingizwa Canton mwaka 2021, miaka saba baada ya kufariki.

Ninachokipenda katika habari hii si ujanja wa kusingizia ugonjwa. Ni kwamba alikuwa na sababu ya kutilia shaka namba ile. Alikuwa amemwona Stallworth akicheza, akaona muda wa saa na uchezaji wa kijana havipatani, na katika kutopatana huko akaamua kutafuta zaidi. Wale wengine hawakuwa na cha kulinganishia. Namba ilikuwa ndiyo yote waliyokuwa nayo.

Hoja ya upande wa pili nisiifiche. Tangu 2018 wanafunzi wana mfumo unaowarahisishia kuhama chuo, na tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao, kwa hiyo vyuo vikubwa huvuna wachezaji wa vyuo vidogo kabla hawajamaliza. Ni kweli, na inaumiza. Lakini msafara una njia mbili. James Houston alitoka Florida, chuo kikubwa, akaenda Jackson State. Detroit Lions walimchukua raundi ya sita mwaka 2022, na msimu wake wa kwanza alimwangusha kotabeki, yaani mrusha pasi, mara 8 katika mechi 7. Na wapo wanaobaki kwa sababu mama yuko karibu, au kocha ni mtu wa kuaminika, au shahada imebakiza mwaka mmoja. Mwaka 2025 Baltimore Ravens walimteua mmoja wa hao katika raundi ya tano, Carson Vinson, mlinzi wa safu ya mbele. Alitoka Alabama A&M, palepale Huntsville. Alikuwa peke yake kutoka vyuo vyote vya Weusi mwaka ule.

Wala wasituambie ni mbali. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata mechi moja. Nilifurahi kama ndugu yangu ndiye aliyesajiliwa, na sitaki mlango huo wa Afrika ufungwe. Ila ligi yenye subira ya kumfundisha mtu mzima mchezo tangu mwanzo haiwezi kukosa subira kwa kijana wa Alabama au Mississippi aliyeucheza tangu utotoni.

Kwa hiyo kila timu iajiri mtu mmoja wa vyuo hivi, aliyesoma huko au kufundisha huko, na asiwe na kazi nyingine. Mumpe gari na chumba cha kulala kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati mechi zinachezwa, arudi mara ya pili kwa kila kijana ambaye namba zake hazifanani na uchezaji wake. Na inapofika Aprili awe chumbani wanapoamua majina, akiwa na haki ya kusema kabla wengine hawajachoka na kutaka kwenda nyumbani, maana vijana wake wengi hujadiliwa siku ya tatu, raundi ya nne hadi ya saba.