Twendeni York na Watoto

Tulipokutana kupanga matembezi ya watoto ya mwaka huu, mimi nilitaja York. Mzee wangu mmoja akacheka, akasema, "Mwalimu, mawe ya Warumi yanatuhusu nini sisi?" Nilinyamaza, maana ni mkubwa wangu. Jawabu yangu ni hii.

Mji ule umekaa juu ya ngome. Kikosi cha Tisa cha Warumi kilipiga kambi hapo kiasi cha mwaka 71, na ngome yenyewe ilienea eka 50 hivi. Wakapaita Eboracum. Leo mtu huweza kuzunguka madukani kutwa asijue anachokanyaga. Mwaka 1967 mnara wa katikati wa kanisa kuu ulionekana kutaka kuanguka. Mafundi wakachimba ili kuutilia nguvu misingi, kazi ya miaka mitano, na chini yake yakatokea makao makuu ya jeshi lile: kuta, nguzo, hata lipu yenye rangi. Nguzo moja imesimamishwa nje, kuelekea mlango wa kusini. Mabaki mengine wageni huyashukia chini ya kanisa wakayaona.

Sasa mzee wangu anisikilize. Mfalme wa Warumi Septimius Severus alifia mji huo mwaka 211, naye alizaliwa Leptis Magna, katika Libya. Mwana wa Afrika! Tena mwaka 1901 lilichimbuliwa kaburi la bibi mmoja tajiri wa karne ya nne, pamoja na bangili zake za pembe ya ndovu. Wataalamu waliochunguza mifupa yake walieleza mwaka 2010 kwamba huenda alikuwa na asili ya Afrika ya Kaskazini. Sisemi hao ni jamaa zetu. Libya si Pemba, na mimi sikusomesha tarikh miaka yote ile nije nikaitia chumvi uzeeni.

Lakini mjukuu wangu alirudi skuli analia. Mwenzake kamwambia watu wa rangi yake wamekuja nchi hii juzi tu. Nilimbembeleza kwa maneno, na maneno hayakumtosha. Nataka nimshike mkono nimsimamishe mbele ya nguzo ile, kisha twende jumba la makumbusho akazione bangili.

London tumekwenda mara tatu, watoto wakarudi na mifuko ya maduka. Safari hii nauli ya mzee wangu nitalipa mimi, na kiti cha mbele nitamwekea.