Maji ya Nyamwamba na Bei ya Shaba

Tumekwisha kuulizwa, tena na waumini wenye nia njema, kwa nini Tume ya Haki na Amani ijitie katika mambo ya kemia na umeme, ambayo yana wataalamu wake. Tunawajibu kwa kuwaeleza habari za Kilembe.

Kilembe ni bonde lililo chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya huko, na uchimbaji ukaendelea hadi ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye mgodi waliondoka, mashimo na marundo ya mabaki yakabaki. Maji yatokayo mashimoni, pamoja na mvua inayoyaosha marundo hayo, huchukua shaba, kobalti na nikeli na kuzipeleka katika mto Nyamwamba, unaoelekea Ziwa George. Wenyeji huteka, hufua na hulima kandokando ya mto huo huo. Mafuriko ya mwaka 2013, na tena ya mwaka 2020, yalizoa mabaki na kuyatawanya bondeni. Hata hospitali ya Kilembe, inayohudumiwa na Kanisa, haikusalimika.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza upande wa pili. Huko chini, Kasese, palikuwa na rundo jingine, la mabaki yenye kobalti ya kutosha kuuzwa. Kwa miaka mingi mvua ililiosha, na asidi iliyotiririka ikaua mimea katika ukanda ulioingia hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kazi hapo. Bakteria walitumiwa kuyamumunya mabaki hayo hadi kobalti ikayeyuka majini. Kisha umeme ukapitishwa, kobalti ikaganda juu ya mabamba, ikabanduliwa na kupelekwa sokoni. Rundo lilipokwisha, kiwanda kikafungwa. Hatukilaumu kwa hilo, maana kuliondoa rundo lile kulikuwa faida kwa nchi. Tunachosema ni kwamba elimu ya kutoa metali majini kwa umeme si ngeni kwetu wala si ndoto ya vitabuni. Ilifanya kazi mwendo mfupi tu kutoka kwa mama anayejaza ndoo yake Nyamwamba. Ila kwa mama huyo haikufika.

Kwa nini haikufika? Wahandisi wana jibu, nalo ni la kweli kwa kadiri yake. Metali iliyoyeyuka hutembea majini kama chembe zenye chaji ya umeme. Bamba la upande hasi huzivuta, huzirudishia kile zilichopungukiwa, nazo hushika juu yake zikiwa metali safi. Chembe zikiwa nyingi, kazi huenda upesi. Zikiwa chache zilizotawanyika katika maji mengi, huchelewa kulifikia bamba, na umeme, badala ya kungoja, huanza kuyapasua maji yenyewe na kutoa haidrojeni. Gharama imelipwa na shaba haikupatikana.

Ugumu huo una dawa zake, na zinajulikana tangu zamani. Badala ya bamba bapa hutumiwa kaboni yenye matundu kama sifongo, ili chembe zikutane na uso wa kushikia kila zigeukiapo. Au bamba huzungushwa kwa kasi ndani ya maji. Au metali hukusanywa kwanza kwa resini, na ikishakuwa nyingi katika maji machache ndipo umeme hupitishwa. Wengi hupendelea kutumia chokaa kwa kuwa ni rahisi, nayo kweli huitoa metali majini. Lakini huacha tope lenye sumu linalohitaji kaburi na mlinzi wa kaburi. Umeme hurudisha metali yenyewe, kitu kinachoweza kuuzwa na kutumika tena.

Natufanye hesabu. Tuchukue maji yenye miligramu 10 za shaba katika kila lita, yaani mara tano ya kiasi cha miligramu 2 ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri kisizidi katika maji ya kunywa. Katika lita 1,000 za maji hayo mna gramu 10 tu za shaba. Hata kilo moja ikiuzwa kwa dola kumi za Marekani, gramu hizo ni senti kumi. Nani atajenga mtambo kwa ajili ya senti kumi? Hivyo ndivyo mhasibu anavyouliza, na kwa daftari lake hakosei.

Kosa limo katika daftari lenyewe. Limeandika bei ya shaba inayotoka majini, halikuandika thamani ya maji yanayobaki. Lita hizo 1,000 ni ndoo hamsini za lita ishirini. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Na haki haingoji bei ya soko ipande. Senti kumi zile zisiitwe mapato ya mtambo. Ni nafuu ndogo juu ya deni ambalo mchimbaji alilikopa kwa watu wa bondeni bila kuwauliza. Tanzania iliiweka kanuni ya mchafuzi kulipa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kanuni hiyo haisemi mchafuzi alipe pale tu uchafu wake unapouzika.

Tangu mwaka 2013 kumekuwa na majaribio ya kuufufua mgodi wa Kilembe, na katika nchi zetu zote mikataba ya namna hiyo inaandikwa. Tunaziomba parokia zilizo karibu na migodi zisiridhike na ahadi ya ajira na madarasa mawili. Ziombe vipimo vya maji vibandikwe penye mbao za matangazo, kwa lugha ya wenyeji, kila mwezi. Ziulize kabla ya sahihi kutiwa: maji yatakayotoka katika mashimo hayo miaka ishirini baada ya mgodi kufungwa yatasafishwa na nani, na fedha ya kazi hiyo imewekwa benki gani, kwa jina la nani?