Nani Hushika Ardhi ya Mto Tana?

Neno "kaunti" latoka Uingereza, ambako mabaraza ya kaunti yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1888. Baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963, Baraza la Kaunti ya Tana River lilikabidhiwa ardhi ya wenyeji liishike kwa amana. Hapo ndipo penye uzito: Mpokomo ataka shamba ukingoni mwa mto, naye Mworma ataka malka, yaani njia ya kupeleka ng'ombe majini. Kwa hiyo kiti cha diwani hakikuwa jambo dogo. Baraza hilo lilikoma mwaka 2013. Bunge la kaunti huko Hola lina wajumbe wa wadi 15, na 6 kati yake ni za Garsen. Lakini amana ile, kwa sheria ya mwaka 2016, i mikononi mwa serikali ya kaunti mpaka jamii yenyewe iiandikishe ardhi yake.