Besi ya Ndani ya Kikapu

Kuna gitaa moja la besi lililoniharibia usingizi na kunigombanisha na wenzangu. Linaitwa Ashbory. Lilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1980, na jina lake limeungwa kutokana na majina ya waundaji wake wawili, Ashworth-Jones na Thornbory. Nyuzi zake si za chuma bali za mpira wa silikoni, na mpigaji hupaka vidole poda ili visinate. Urefu wa uzi ni inchi 18, yaani kama sentimita 46, mfupi kuliko hata wa udi. Shingo yake ni tupu: haina vile vijiti vya chuma ambavyo wapiga gitaa huviita freti. Mgeni mmoja anayerejea kwao analiuza hapa Mji Mkongwe, na ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi.

Fedha ninazo, lakini ndizo hizo hizo ambazo wenzangu kikundini wanataka nichangie kibodi mpya. Walipolisikia jambo langu walicheka. “Mtu mzima utapandaje jukwaani na mwanasesere?” aliuliza mmoja. Mwingine akanipiga methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkubwa wetu hakucheka. Yeye alisema hicho si chombo cha taarab, na mwacha asili ni mtumwa.

Nianze na huyu wa mwisho, maana hoja yake ndiyo yenye uzito. Asili ipi, bwana? Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Ikhwani Safaa walipoanza chama chao mwaka 1905, vyombo waliagizia ng'ambo. Fidla ni ya Ulaya. Dabo besi iliingia baadaye, taarab ilipofuata mfano wa okestra kubwa za Kairo. Lau wazee wetu wangekataa kila kilichoteremshwa bandarini, leo tungekuwa tunapiga makofi tu. Asili ya taarab haimo katika mbao, imo katika sikio.

Na sikio ndilo tunaloliua. Mwaka 1951 Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi la umeme aliliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti humpa mpigaji sauti kamili bila ya kuitafuta. Nauliza: usahihi wa nani? Katika Rasti, sauti ya tatu haikai pale inapowekwa na freti. Hukaa katikati ya freti mbili. Katika Bayati, sauti ya pili ni hivyo hivyo. Mwenye fidla huitafuta kwa kidole, mwenye udi kwa kidole, mwimbaji kwa koo. Mwenye besi ya freti ana njia mbili tu: aikwepe sauti ile, au aikanyage kwa chuma chake na kuwaburura wenzake wote upande wake.

Mimi nimefanya yote mawili kwa miaka mingi, katika maharusi ya mjini na ya shamba. Usiku mmoja huko Makunduchi, wimbo ulipokwisha, mzee wa fidla alinisogelea akaniambia, “Mwanangu, leo umenifungia mlango.” Nikamjibu, “Nisamehe, Maalim.” Sikuwa na jingine la kusema, kwa kuwa mlango wenyewe ulifungwa kiwandani.

Wako watakaosema kwamba kodiani nayo ina sauti zisizosogea, na imekaa katika taarab zama na zama. Kweli. Lakini kodiani ni mmoja katika kundi. Besi ndiyo msingi, na msingi ukipinda ukuta hauna ujanja. Watasema pia kwamba zipo kibodi zenye robo toni. Kweli vile vile. Unaiweka kabla ya wimbo, nayo inabaki palepale kama msumari. Sauti ile si msumari. Husogea kidogo wimbo unapopanda na unaposhuka, na humfuata mwimbaji anapolia.

Basi kwa nini nisinunue dabo besi? Kwa sababu uzi wake unapita mita moja, na mwili wake unanizidi kimo. Jaribu kuipandisha ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, au kuipakia katika gari ya shamba. Unyevu wetu hulegeza gundi yake, na chumvi ya pwani huzila nyuzi za chuma kwa kutu. Silikoni haishiki kutu. Hiki kidude ninachochekewa kinatiwa sauti zile zile za besi kubwa, na ukikiunga na spika mlio wake uko karibu na dabo besi kuliko gitaa lolote la freti nililopata kulishika. Kinaingia katika kikapu cha sokoni.

Sitaficha hofu yangu. Nyuzi zake haziuzwi Darajani. Ukikatika mmoja nitangoja msafiri. Hofu kubwa zaidi ni ya aibu. Freti zimenificha miaka yote hii. Tuliozizoea hatupigi nje ya sauti, na kwa hivyo hatusikilizi tena. Shingo tupu itanianika mbele ya watu, nami katika umri huu nitaanza kupapasa kama mtoto wa darasa la kwanza. Wenzangu wanadhani naogopa kuchekwa kwa udogo wa chombo. La, naogopa kusikika.

Lakini kikundi ambacho hakuna ndani yake anayethubutu kukosea ndicho kitakachozoea sauti za kiwanda, na watoto wetu wataziita hizo taarab. Kibodi waichangie wengine, sitawazuia. Mimi Jumamosi nakwenda kulichukua gitaa langu. Poda ya vidole nimeshanunua.