Hesabu Iliyofichika Katika Mchezo wa Herufi

Wako watu waonao kwamba kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, ili kushinda mchezo, ni kupoteza wakati. Mwanafunzi apewaye herufi saba akaambiwa aunde neno refu kadiri awezavyo, huhesabiwa kuwa anacheza tu. Mwenzake aliyeinamia kitabu cha hisabati huhesabiwa kuwa anasoma. Tofauti hiyo haina msingi. Mchezo huo wenyewe ni hisabati, na mwalimu asiyeliona jambo hilo huwanyima wanafunzi wake somo ambalo tayari liko mezani pao.

Scrabble, mchezo mashuhuri wa aina hii, ulibuniwa na Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Butts hakugawa herufi kwa kubahatisha. Alichukua magazeti, akahesabu ni mara ngapi kila herufi hutokea katika maandishi ya Kiingereza, na hesabu hiyo ikawa msingi wa mchezo. Katika vipande 100 vya mchezo huo, viwili vikiwa vitupu, herufi E ina vipande 12, na kila kimoja ni cha alama 1. Katika maandishi ya Kiingereza nako E huchukua nafasi zipatazo 12 katika kila 100. Q na Z, zilizo adimu, zina kipande kimoja kimoja cha alama 10. S ilipewa vipande 4 tu kwa makusudi, kwa sababu mchezaji angeweza kuibandika mwishoni mwa nomino nyingi na kujipatia neno bila jasho.

Hesabu ya namna hii si ngeni duniani. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad alieleza jinsi maandishi ya siri yanavyoweza kufumbuliwa kwa kuhesabu marudio ya alama zake. Alfabeti ya Morse ya simu za maandishi nayo iliipa E, herufi itumikayo sana katika Kiingereza, alama fupi kuliko zote: nukta moja.

Na tuitazame kazi ya kutafuta yenyewe. Herufi saba zisizofanana zaweza kupangwa kwa namna 5,040. Mtu ajaribuye mpango mmoja kwa kila sekunde atahitaji dakika 84, na hapo ni kwa maneno ya herufi zote saba peke yake. Hapana budi atafute njia. Njia mojawapo ni kuzipanga herufi za kila neno katika kamusi kwa utaratibu wa alfabeti. Maneno ya Kiingereza listen, silent na enlist yote hugeuka EILNST. Aliyekwisha kutengeneza orodha ya namna hiyo hahitaji kujaribu mipango mingi. Huzipanga herufi alizo nazo, kisha akasoma maneno yaliyo chini ya ufunguo huo. Njia hii yatumika hata katika Kiswahili: mali, mila, lima, lami na imla yote yana ufunguo mmoja, AILM. Herufi hizo nne hutoa mipango 24, na nusu yake huishia kwa konsonanti. Ajuaye kwamba maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa, huishia kwa irabu, huiacha mipango 12 kabla hajaanza kazi. Hivyo ndivyo elimu ya lugha ipunguzavyo taabu ya hesabu.

Siku hizi programu za kompyuta huifanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Haifuati kwamba mwanafunzi hana tena sababu ya kujifunza njia yenyewe; kinyume chake, apokeaye jibu asijue limepatikanaje hakujifunza chochote. Wala kukariri orodha ndefu za maneno si kujua lugha. Ushahidi wa hilo ulio wazi ni ule wa 2015, pale Nigel Richards wa New Zealand alipotwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, hali hakuwa akizungumza Kifaransa. Ushindi wake wastahili heshima kuu kwa nguvu ya kumbukumbu. Lakini wafundisha pia kwamba alama za mchezo hazipimi ufasaha. Mwalimu asimdharau mwanafunzi aliyeshindwa mchezo akadhani amepima Kiingereza chake.

Liko jambo kubwa zaidi. Seti iliyohesabiwa kwa Kiingereza ikitumiwa kwa Kiswahili hupotoka. Ina kipande kimoja tu cha K, chenye alama 5 kana kwamba K ni adimu, ilhali Kiswahili hakiendi hatua mbili bila herufi hiyo. Ina Q na X, ambazo tahajia ya Kiswahili haizitumii kabisa. Kosa si la mchezo. Ni la kuchukua kipimo cha lugha moja na kukifanya kipimo cha lugha zote. Kosa hilo hilo laweza kuingia katika vyombo vyenye uzito kuliko mchezo, yaani kila kilichobuniwa kwa kufuata marudio ya herufi za lugha nyingine.

Dawa yake ni kuhesabu, na kazi hii yaweza kufanywa darasani kwa kalamu na karatasi. Lakini ifanywe kisayansi. Methali isemayo “haraka haraka haina baraka” ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni A; E haimo hata moja. Mwenye pupa atatangaza kwamba A ni karibu nusu ya Kiswahili. Basi na ahesabu “mgeni njoo mwenyeji apone”: katika herufi 22, A ni moja tu, na E ni nne. Sampuli ndogo hudanganya. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akihesabu herufi 500 kutoka kurasa mbalimbali za magazeti, hadithi na vitabu vya sayansi, litapata herufi 20,000, na hapo ndipo uwiano utakapoanza kutulia.

Darasa hilo litakuwa limejifunza sampuli, asilimia, majedwali na grafu, na kutokana na matokeo yake litaweza kukata vipande vya karatasi ngumu na kuutengeneza mchezo wa Kiswahili wenye alama za haki. Butts alianza na gazeti na kalamu. Vitu hivyo havikosekani katika shule zetu, kinachongojwa ni mwalimu wa kusema, “Tuanze kuhesabu.”