Utando wa Petroli na Pumzi za Wananchi

Mazoea yetu ni kulihukumu gari kwa macho. Likitoa moshi mweusi twasema injini imekwisha. Lisipotoa twasema ni zima, na mnunuzi hutoa fedha zake kwa moyo mkunjufu. Mazoea hayo yalitufaa zama za kabureta. Leo hayatufai tena, kwani miongoni mwa magari yaliyotumika Japan yanayoshushwa katika bandari zetu yamo ambayo petroli yake hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda, na madhara ya injini hizo hayaonekani kwa macho.

Njia hiyo si ngeni. Gari la Mercedes-Benz 300 SL lilikuwa nayo tangu mwaka 1954. Lakini ni mwaka 1996 ndipo Mitsubishi ilipoiingiza katika magari ya watu wa kawaida, na Toyota ikafuata mwaka huo huo. Faida yake ni ya kweli: injini hupata nguvu zaidi kwa petroli kidogo. Kwa visiwa ambavyo kila lita ya petroli hufika kwa meli, hiyo si faida ya kubezwa.

Hata hivyo, nozeli ya injini hizi imewekwa mahali pa taabu. Katika injini za kawaida nozeli hukaa nje ya silinda, penye ubaridi. Katika hizi ncha yake imo ndani, imeelekea moto wenyewe. Petroli hupita katika matundu membamba kuliko ncha ya sindano, kwa msukumo uliokuwa kiasi cha mara 50 ya uzito wa hewa itukandamizayo katika injini za mwanzo, na ambao katika injini mpya umefika mara 350.

Nozeli inapofunguka petroli hutoka kwa kasi na kupasuka kuwa ukungu. Inapofunga, kasi hupungua ghafla. Matone ya mwisho hukosa nguvu ya kuruka, hurudi yakatandaa juu ya ncha, na petroli iliyosalia ndani ya matundu huchuruzika nje. Hapo hupatikana utando wa petroli ambao unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ukiwahi kukauka kabla ya moto kufika, hapana neno. Usipowahi, moto huukuta ungali majimaji, na petroli huungua bila ya hewa ya kutosha. Matokeo yake ni masizi.

Na shari haiishii hapo. Sehemu ya utando huo hukauka ikawa ukoko, mithili ya ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukoko una vitundu, nao hufyonza petroli kama sifongo, hivyo mzunguko unaofuata hubakiza petroli nyingi zaidi. Gari lililotoka kiwandani likiwa safi huzidi kutoa masizi kadiri linavyotumika. Sisi ndio tunaolipokea likiwa limekwisha tumika.

Masizi hayo ni chembe ambazo nyingi hazifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya unywele. Jicho haliyaoni, na pua haiyazuii. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba chembe zichafuazo hewa zinasababisha saratani. Wanaozivuta zaidi si wenye magari, bali ni mchuuzi wa Darajani, mtoto aendaye skuli kwa miguu, na kondakta wa daladala ashindaye barabarani mchana kutwa.

Ulaya haikungoja moshi uonekane. Tangu Septemba 2017 magari ya aina mpya yenye injini hizi hayaruhusiwi kuzidisha chembe bilioni 600 kwa kila kilomita. Wenye viwanda wakalazimika kuongeza msukumo wa petroli, kuyachonga upya matundu ya nozeli, na kuweka chujio katika bomba la moshi. Gari la mwaka 2008 au 2010 halina chujio hilo.

Je, tufanyeje? Hatusemi magari haya yapigwe marufuku. Mwananchi wa kipato kidogo angeumia bure. Lakini yapo mambo matatu yanayowezekana.

Kwanza, ukaguzi usiishie kwenye taa, breki na moshi wa kuonekana kwa macho. Ubelgiji mwaka 2022, na Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, zilianza kuzihesabu chembe katika ukaguzi wa magari ya dizeli. Maofisa wetu wanaohusika wajifunze huko.

Pili, usafi wa petroli ulindwe kwa ukali. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchelewa kukauka, na utando huzidi. Ahalifuye petroli haibi fedha peke yake, anaiba pumzi. Aidha, petroli iliyotiwa dawa ya kusafisha nozeli isiwe anasa ya wachache.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi viwafunze vijana kuzipima na kuzisafisha nozeli hizi, na karakana zipatiwe vifaa. Fundi anayebadilisha plagi kila mara bila ya kuitazama nozeli anatibu homa na kuuacha ugonjwa.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Injini ikitetemeka likiwa limesimama, au ulaji wa petroli ukizidi bila sababu, asingoje moshi.

Jambo lenyewe ni dogo, dogo kuliko tone. Lakini wahenga walisema: mdharau mwiba, guu huota tende.