Mashindano ya Magari: Dhambi Iko Barabarani, Haiko Katika Kasi



Sifa zote njema zinamstahikia Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, siku moja baada ya darsa la Alasiri mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka kumi na tano, alituonyesha video katika simu yake. Ilikuwa klabu ya wapenda magari, wako Busiika kule Luweero, wamekuja na Subaru na Toyota zao kujifurahisha. Wamevaa kofia ngumu, wanaingia uwanjani kwa zamu, wanazunguka katika vumbi jekundu, na wakishuka wanacheka kama watoto. Kijana akatuuliza: "Ustadh, hawa nao wana dhambi?"

Tulimjibu haraka: "Ni israfu na mchezo wa watu wasio na kazi. Zima simu, fungua kitabu."

Jibu lile lilikuwa baya, na leo tunaandika kulirekebisha. Siku ya pili ya Eid iliyofuata, kijana yuleyule alipanda nyuma ya boda boda ya binamu yake kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko. Binamu alikuwa anashindana na gari la rafiki zake. Kofia hawakuwa nayo, wala leseni hawakuwa nayo. Alhamdulillaah hakufa. Anakuja madrasa kwa magongo, na mama yake anabeba mswala wake.

Hatusemi kuwa jibu letu ndilo lililomvunja mguu. Tunasema alikuja na swali la kweli, sisi tukamfungia mlango, naye akatoka akalitafutia jibu barabarani.

Kinachofanyika uwanjani

Tuwe waadilifu kwanza. Siku kama ile huwaje? Klabu hukodi uwanja uliofungwa, ambao hapiti mtoto, mbuzi, wala mama mwenye kikapu kichwani. Gari hukaguliwa breki, tairi na mikanda kabla ya kuingia. Madereva hukusanywa asubuhi na kuelezwa maana ya kila bendera. Wageni hutengwa na wazoefu. Huruhusiwi kumpita mwenzako popote unapotaka, ila pale palipokubaliwa. Gari la wagonjwa lipo. Mara nyingi hata mshindi hakuna, kila mtu anajipima na nafsi yake, kisha anarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida kwa sababu kiu yake imekatika.

Hapa Uganda mambo haya yana wenyewe. Lipo Shirikisho la klabu za mchezo huu, Federation of Motorsport Clubs of Uganda, na chini yake klabu kama Uganda Motor Club na Mbarara Motor Club. Viko viwanja vya Busiika, na Garuga upande wa Entebbe. Kwa jirani zetu Kenya kuna Kiamburing TT huko Tigoni, Kiambu: watu wa kawaida wanakuja na magari yao, barabara ya mlimani inafungwa, wanapanda mmoja mmoja kwa saa.

Sasa tutazame kwetu. Lami ya kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92 zinazopita Arua na Koboko, ilikamilika katika miaka ya 2010. Tuliisubiri miaka mingi tukila vumbi, na tulipoipata tukamshukuru Allaah. Ni neema. Lakini kila Eid vijana wetu wanaigeuza uwanja wa mbio, na uwanja huo una watoto waliovaa kanzu mpya wanaotoka kuwapa mkono jamaa zao.

Hesabu yake ni rahisi, hata darasa la sita wanaiweza. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja na nusu hupita kabla mguu haujaikamata breki. Hapo limekwisha kwenda mita 42, na bado halijaanza kupunguza mwendo. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa katika barabara za Uganda kwa mwaka huo mmoja.

Mtume alishindanisha

Wanaosema mbio ni haramu moja kwa moja, tunawauliza: mmesoma wapi? Al-Bukhaariy na Muslim wamepokea kutoka kwa 'Abdullaah bin 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa) kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindanisha farasi. Na Ibn 'Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tazameni namna alivyoshindanisha. Farasi waliofunzwa mbio walitoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa', mwendo wa maili tano au sita. Wasiofunzwa walipewa masafa yao, kutoka Thaniyyah hadi Msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili moja. Mwanzo unajulikana, mwisho unajulikana, na mgeni hakuchanganywa na mzoefu. Ndugu zetu, huu ndio utaratibu uleule tuliouona katika ile video tukaidharau. Haukutoka Ulaya. Ulikuwepo Madiynah karne kumi na nne zilizopita, sisi ndio tuliousahau.

Na akatufunza adabu ya kushindwa pia. Ngamia wake al-'Adhbaa alikuwa hapitwi. Siku moja akaja Bedui na ngamia wake akampita, Waislamu wakaona uzito. Mtume akawaeleza kwamba ni haki ya Allaah kutokiinua kitu cha dunia ila atakishusha. Kijana wetu anayetaka kufa kwa sababu Premio ya mwenzake imempita, hajafundishwa Hadiyth hii. Nani alipaswa kumfundisha kama si sisi?

Hoja tunazozisikia

Ya kwanza: "Ni israfu." Tunakubali kwamba israfu ipo. Baba ambaye karo ya watoto haijalipwa, naye ananunua tairi nne za kuchoma Jumapili moja, huyo amedhulumu. Lakini mbona hatujasikia khutba juu ya misafara ya harusi zetu? Magari kumi yanakodiwa, honi zinapigwa kuanzia msikitini, vijana wameketi madirishani miguu ndani kiwiliwili nje. Hiyo ni israfu na hatari pamoja, na masheikh tunapanda gari la mbele. Anayeiogopa israfu kwa ajili ya Allaah aanze na harusi ya mwanawe.

Ya pili: "Hata huko kwenye mashindano watu wanakufa." Ni kweli, hatufichi. Mwaka 2009 dereva Riyaz Kurji alifariki katika Pearl of Africa Rally. Rally ni hatari kuliko uwanja uliofungwa, kwa sababu inapita njia za vijijini na watazamaji husimama ukingoni. Lakini kumbukeni pia Mei 2025. Rajiv Ruparelia, ambaye naye alikuwa dereva wa rally, alifia katika barabara ya wote, gari lake aina ya Nissan GT-R lilipogonga vizuizi vya zege pale Busabala. Hatumhukumu marehemu yeyote. Tunawaambia vijana tu kwamba barabara haimjui bingwa. Uwanjani kuna nafasi ya kukosea ukabaki hai, barabarani kosa lako analipa mwingine.

Ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi: "Ajali ni qadari ya Allaah." Maneno haya yalisemwa kitandani pa yule kijana, na waliyoyasema ni watu wazima, mmoja wao ndiye aliyetoa ufunguo wa boda boda. Qadari ni nguzo ya imani yetu, lakini haikuwekwa iwe shuka la kufunikia uzembe. Bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba aliamrishwa amfunge kisha ategemee. 'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) aliposikia kuna tauni Shaam alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allaah, alijibu kwa maana kwamba wanaikimbia qadari ya Allaah kwenda kwenye qadari ya Allaah. Na Aayah ya 195 ya Suwrat al-Baqarah inatukataza kujitia kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Baba aliyempa ufunguo mtoto asiye na leseni asimsingizie Mola wake. Mkono uliotoa ufunguo ni wake.

Ya nne: "Huo ni mchezo wa Wazungu na matajiri." Wazee wa Koboko wanajua kuwa si kweli. Mwaka 1975, Kampala ilipopokea mkutano wa OAU, Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huku kwetu, aliingia mwenyewe katika rally na Citroën SM yake, mkewe Sarah akiwa pembeni. Hatumtaji ili tumsifu, tunamtaja mjue kuwa hamu hii si ngeni Koboko. Leo Waislamu kama Yasin Nasser na msoma ramani wake Ali Katumba ni majina yanayojulikana katika rally ya Uganda. Bahrain walipofungua uwanja wao mwaka 2004, washindi hawakumwagiana pombe jukwaani, waliwekewa kinywaji cha maji ya waridi. Saudia ilisumbuliwa miaka mingi na vijana wa kuburuza magari barabarani, vifo kila mahali. Adhabu zimewekwa, na viwanja pia vimejengwa. Anayekataza bila kufungua mlango mwingine amefanya nusu ya kazi.

Basi tunataka nini?

Hatutaki Arua ijengewe uwanja kama wa Bahrain. Tunataka mambo manne, na yote yako katika uwezo wetu.

1. Ufunguo. Mzazi asimpe pikipiki wala gari mtoto asiye na leseni, iwe Eid iwe siku nyingine. Asiseme "kaniomba sana". Akiombwa sumu atatoa?

2. Mimbari. Khutba ya Ijumaa ya mwisho kabla ya kila Eid iseme juu ya barabara, kwa uwazi, na iwaseme wazazi kabla ya vijana.

3. Mahali. Wazee wa misikiti ya Arua na Koboko waende kwa polisi na kwa wakuu wa serikali pamoja, waombe kiwanja cha murram kilicho mbali na makazi, kwa siku moja ya Eid. Waandikie mojawapo ya klabu zilizosajiliwa waje watufundishe: bendera, ukaguzi, kamba ya kuzuia watazamaji, gari la wagonjwa. Wenye leseni waingie na magari yao, mmoja mmoja. Wadogo washindane baiskeli na mbio za miguu, maana hizo pia ni Sunnah, Mtume alishindana kwa miguu na mama yetu 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa). Ikifika Adhuhuri injini zizimwe, watu waswali.

4. Kamari. Wachezaji wakichanga pesa kisha mshindi akazichukua, hiyo ni kamari, hata ikiitwa mchango. Hadiyth imetaja zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na wanachuoni wamekhitilafiana juu ya vinginevyo. Njia ya usalama kwetu ni kutoweka pesa kabisa. Aliyekwenda vizuri apewe mkono na du'aa. Watazamaji wanaotaka kubeti, warudi majumbani.

Wapo watakaosema kuwa tumelegea. Tumefundisha miaka mingi, na tumewaona vijana waliokatazwa kila kitu. Hawakuacha kitu, waliacha kutuuliza tu. Huyu wa magongo bado anatuuliza, na hilo ni rehema. Wiki iliyopita tulimwita mbele ya wenzake, tukasema: "Siku ile ulituuliza, tukakujibu bila elimu. Wale wa Busiika, wakitunza Swalah zao, wakitimiza haki za familia zao, wasicheze kamari wala kunywa pombe, hatuna dalili ya kuwaita wenye dhambi. Dhambi ilikuwa kwenye barabara ya Koboko, na sisi wakubwa tuna fungu letu ndani yake."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kiwanja kitapatikana kabla ya Eid. Tunalirudisha swali hilo kwenu, enyi wazee wa Arua na Koboko.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) atuhifadhie watoto wetu, awaponye waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia, na atusamehe majibu tuliyoyatoa kwa haraka. Aamiyn.

Wa biLlaahi at-tawfiyq.